Utandazaji wa nyaya kwa vishikizo na mirija

Utandazaji wa nyaya kwa vishikizo na mirija ni njia ya zamani ya kupitisha umeme ndani ya majengo. Ilitumika hasa Marekani na Kanada tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1940. Katika njia hii nyaya za shaba hupitishwa mojamoja, zikiachana, ndani ya uwazi wa kuta, sakafu na dari. Hushikiliwa na vishikizo vidogo vya kauri vilivyopigiliwa kwenye mbao. Kila mahali waya unapopenya ubao huwekwa mrija wa kauri ili shaba isiguse mti.

Tofauti na kebo za siku hizi, ambazo nyaya zake hukaa pamoja ndani ya ganda moja la plastiki, hapa kihami kikuu ni hewa iliyopo kati ya waya na waya. Kazi yote ilifanywa kwa mikono, na kila kiungo kilisokotwa, kikalehemiwa na kufungwa tepu na fundi mwenyewe. Kwa sababu hiyo usalama wa mfumo huu ulitegemea sana ustadi wa aliyeuweka. Nyumba nyingi za Amerika Kaskazini bado zina nyaya hizo, na hatari inayopatikana humo leo hutokana mara nyingi na mabadiliko yaliyofanywa baadaye kuliko kazi ya awali.

Historia

Tarehe 4 Septemba 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl, upande wa kusini wa Manhattan mjini New York. Kituo hicho kilitoa umeme wa mkondo mnyofu wa takriban volti 110 kwa ajili ya taa za majengo ya jirani. Wakati huo hapakuwa na mafundi waliosomea kazi ya kuweka umeme majumbani. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa simu za maandishi, wa kengele za nyumbani na wa mabomba ya gesi ya taa, na kila mmoja alileta desturi za kazi yake.

Nyaya za mwanzo zilikuwa na vihami hafifu. Aina moja ilifunikwa kwa pamba iliyopakwa rangi ya risasi nyeupe. Ilikubaliwa na makampuni ya bima ya moto na ikaitwa kwa jina lao, lakini rangi yake ilipasuka na pamba ilinyonya unyevu. Mafundi waliigeuza kwa mzaha jina lake likawa waya wa wazika maiti. Nyaya nyingine zilipigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, na moto ulizuka mara kwa mara.

Makampuni ya bima, ambayo ndiyo yaliyolipa hasara, yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kutunga kanuni. Mwaka 1893 mhandisi William Henry Merrill alipelekwa kukagua umeme katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago. Mwaka uliofuata alianzisha maabara ya kupima usalama wa vifaa vya umeme, iliyokuja kujulikana kama Underwriters Laboratories. Mwaka 1897 ilitolewa kanuni ya pamoja ya umeme kwa Marekani yote, ambayo hadi leo hurekebishwa kila baada ya miaka michache. Kanuni hizo ziliweka wazi umbali kati ya nyaya, aina ya vihami na namna ya kuunganisha.

Mafundi nao walijipanga. Mwaka 1891 wafanyakazi wa nyaya walikutana St. Louis na kuanzisha chama chao, ambacho leo huitwa International Brotherhood of Electrical Workers. Kazi yao wakati huo ilikuwa ya hatari kubwa, na mafunzo ya wanagenzi yalikuwa mojawapo ya madai yao.

Njia ya vishikizo na mirija ilienea kwa sababu ililingana na ujenzi wa Amerika Kaskazini. Nyumba nyingi huko zilijengwa kwa fremu ya mbao nyembamba, na kuta zake zina uwazi ndani, kati ya nguzo na nguzo. Waya uliweza kupanda kutoka chini ya sakafu hadi darini bila kuonekana. Nyumba ya mawe au ya matofali haina uwazi wa namna hiyo, na ndiyo sababu njia hii haikushika mizizi katika nchi ambako watu hujenga zaidi kwa mawe na matofali.

Sehemu zake

Waya. Ulikuwa wa shaba, mara nyingi uzi mmoja mzima wenye kipenyo cha takriban milimita 1.6, uliolindwa kwa fyuzi ya ampea 15. Shaba ilipakwa utando mwembamba wa stani, kwa kuwa sulfuri iliyotiwa kwenye mpira ili kuuimarisha huila shaba isiyokingwa. Juu ya shaba kulikuwa na tabaka la mpira, na juu ya mpira kitambaa cha pamba kilichosukwa na kulowekwa katika lami au nta.

Kishikizo. Ni kipande cha kauri kinachotosha kukamatwa kwa vidole vitatu. Aina ya zamani ilikuwa kipande kimoja chenye mfereji pembeni, na waya ulifungwa hapo kwa kipande kingine cha waya. Aina iliyofuata ilikuwa ya vipande viwili. Waya uliwekwa kati ya vipande hivyo, kisha msumari ukapita katikati ya vyote viwili hadi kwenye ubao. Chini ya kichwa cha msumari iliwekwa washa ya ngozi ili nyundo isipasue kauri.

Mrija. Ni bomba jembamba la kauri lenye kichwa kinene upande mmoja. Huingizwa katika tundu lililotobolewa kwenye boriti au nguzo ya ukuta.

Soksi ya kitambaa. Ni mfuko mrefu wa pamba iliyofumwa na kutiwa lami, unaovishwa waya mahali ambapo hauwezi kukaa mbali na vitu vingine. Ilitumika hasa pale nyaya zilipoingia katika kisanduku cha swichi au cha taa.

Vyombo vya kauri vilitengenezwa kwa wingi katika miji yenye viwanda vya ufinyanzi, kama vile Trenton katika jimbo la New Jersey na East Liverpool katika jimbo la Ohio. Kauri ilichaguliwa kwa kuwa haipitishi umeme, haiungui na hainyonyi maji ikichomwa vizuri. Ni sifa hizohizo zilizofanya vikombe vya kauri vitumike kwenye nguzo za umeme za barabarani hadi leo.

Kazi ya fundi

Kupitisha nyaya

Fundi alianza kazi baada ya fremu ya nyumba kusimama na kabla ya kuta kupigwa plasta. Alitoboa matundu kwa keekee katikati ya kila boriti, ili asidhoofishe ukingo wake na ili misumari ya sakafu isifikie waya. Matundu yalitobolewa kwa mshazari kidogo. Mrija uliingizwa kichwa kikiwa upande wa juu, hivyo uzito wake wenyewe uliuzuia usichomoke hata baada ya miaka mingi ya mtikisiko wa sakafu.

Kanuni zilitaka vishikizo visipitane kwa zaidi ya takriban mita 1.4. Nyaya mbili zilipaswa kuachana kwa sentimita 7.5 au zaidi, na kila waya ukae angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye ubao. Mara nyingi waya wenye umeme ulipita kwenye boriti moja na waya wa kurudishia mkondo kwenye boriti ya pili. Kwa mpangilio huo ilikuwa vigumu kwa msumari mmoja, au panya mmoja, kuzigusa zote mbili na kusababisha shoti.

Ndani ya ukuta kulikuwa na jambo moja ambalo mgeni wa kazi angeweza kulisahau. Plasta mbichi inapopigwa, sehemu yake hupenya nyuma ya fito na kuanguka hadi chini, ikarundikana juu ya ubao wa mlalo. Kama waya ungepita hapo bila kinga, ungezikwa katika plasta yenye maji. Kwa hiyo mrija wa mahali hapo ulipaswa kuwa mrefu na kuchomoza juu ya ubao kwa sentimita 7.5 au zaidi.

Waya ulivutwa hadi ukanyooka. Waya unaolegea huning'inia, na ukining'inia umbali uliopimwa hupotea. Darini, nyaya zilizonyooka sambamba na kukata kona kwa pembe mraba ndizo zilizomtambulisha fundi mzuri, ingawa mwenye nyumba alikuwa haendi huko kuziona.

Kuunganisha

Katika mfumo huu viungo havikuwekwa ndani ya visanduku. Waya mkuu ulipita ukiwa mzima, na waya wa tawi ukaunganishwa nao palepale hewani. Kishikizo kilitakiwa kiwepo ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye kiungo, ili uzito usivute kiungo chenyewe.

Kanuni ilikuwa kwamba kiungo kiwe imara na kipitishe umeme vizuri hata kabla ya kulehemiwa, kisha ndipo kilehemiwe. Lehemu haikuruhusiwa kuwa ndiyo inayoshika waya. Hatua zake zilikuwa hizi:

1. Kuondoa kihami. Fundi alichonga mpira kwa kisu kilicholazwa, kama mtu anayechonga penseli. Hakukata kwa kuzungusha kisu, kwa sababu makali yangeacha mkwaruzo kwenye shaba na waya ungekatika hapo baadaye.

2. Kusafisha. Shaba ilikwanguliwa hadi ikang'aa. Uchafu na kutu huzuia lehemu isishike.

3. Kusokota. Kuunganisha ncha mbili kulifanywa kwa mtindo wa mafundi wa simu za maandishi, uliopewa jina la kampuni ya Western Union. Nyaya mbili hupishanishwa, husokotwa mzunguko mmoja au miwili iliyolegea katikati, kisha kila ncha huzungushwa kwa kubanwa kuuzunguka waya wa pili mara tano au zaidi. Kiungo hiki kikivutwa hujikaza zaidi. Kwa tawi, ncha ya waya mpya ilizungushwa juu ya waya mkuu uliovuliwa kihami katikati.

4. Kulehemu. Lehemu ni mchanganyiko wa risasi na stani unaoyeyuka kwa joto la chini. Kiungo kilipakwa utomvu wa msonobari ili kuondoa kutu, kikapashwa moto kwa taa ya moto au kwa chuma kilichochomwa, au kikamiminiwa lehemu iliyoyeyuka kutoka kwenye upawa mdogo. Fundi alipasha moto shaba yenyewe na kuiacha shaba iyeyushe lehemu. Lehemu ikiyeyushwa juu ya shaba baridi huganda juujuu bila kupenya.

5. Kufunga. Tabaka la tepu ya mpira lilirudisha kihami kilichoondolewa, na tepu ya kitambaa yenye gundi ilizungushwa juu yake kuikinga.

Umuhimu wa kiungo safi unaonekana katika hesabu. Joto linalozalishwa mahali pa ukinzani ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Kiungo kilicholehemiwa vizuri chenye ukinzani wa omu 0.001 kikipitisha ampea 10 hutoa wati 0.1 tu. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.5 kwa mkondo uleule hutoa wati 50, sawa na balbu ya kizamani inayowaka ndani ya ukuta wa mbao. Fyuzi haiwezi kugundua kosa hilo, kwa sababu mkondo haujazidi.

Faida zake

Waya unaozungukwa na hewa hupoa haraka kuliko waya uliobanwa ndani ya kebo. Kwa hiyo nyaya hizi zilistahimili mkondo wa taa na vifaa vichache vya wakati wake bila kupata joto jingi. Umbali kati ya nyaya ulikuwa kinga ya pili: hata kihami cha mpira kikiharibika, bado palibaki hewa na kauri. Vilevile viungo vilivyolehemiwa havilegei kama viungo vya skurubu. Wakaguzi wa leo hukuta viungo vya miaka 100 ambavyo bado ni imara chini ya tepu iliyokauka.

Kasoro zake

Mfumo huu una kasoro ambazo ustadi wa fundi haukuweza kuziondoa.

Ya kwanza ni kukosekana kwa waya wa ardhi. Kifaa chenye ganda la chuma kikipata hitilafu, umeme hauna njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mtu anayekigusa.

Ya pili ni fyuzi pande zote mbili. Katika nyumba za mwanzo fyuzi iliwekwa kwenye waya wenye umeme na pia kwenye waya wa kurudishia. Fyuzi ya waya wa kurudishia ikiungua peke yake, taa huzimika na mtu hudhani hakuna umeme, ilhali waya wa kwanza bado una umeme kamili.

Ya tatu ni namna fulani ya kuunganisha swichi mbili za ngazini, ambayo iliokoa waya lakini iliweza kuacha ganda la kishikio cha balbu likiwa na umeme hata taa ikiwa imezimwa. Namna hiyo ilipigwa marufuku katika miaka ya 1920.

Ya nne ni umri wa vihami. Mpira wa wakati huo hukauka na kuvunjika kama ganda la yai, hasa juu ya taa za dari ambako joto la balbu hupanda. Waya ukiachwa bila kuguswa huweza kuendelea kufanya kazi. Ukikunjwa kidogo tu, kihami hudondoka.

Kuachwa kwake

Njia hii ilihitaji saa nyingi za kazi. Kila boriti ilitobolewa mara mbili, kila kishikizo kilipigiliwa, na kila kiungo kilipita hatua tano. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilitokea kebo zenye ganda la chuma linalopindika. Katika miaka ya 1920 ikaja kebo yenye ganda la kitambaa, iliyotengenezwa katika mji wa Rome, jimbo la New York, ikaitwa Romex. Ilitambuliwa na kanuni za umeme mwaka 1926. Fundi mmoja aliweza kuitandaza katika sehemu ndogo ya muda uliohitajiwa zamani, kwa tundu moja badala ya mawili.

Hata hivyo vishikizo na mirija havikutoweka mara moja. Vifaa vyake vilikuwa rahisi kupatikana, na viliendelea kutumika katika baadhi ya nyumba hadi miaka ya 1940. Kilichoisha ni sababu ya kuwalipa watu wawili kwa kazi ambayo mmoja aliweza kuimaliza.

Njia nyingine za wakati huo

Uingereza ilipitisha nyaya ndani ya mbao zenye mifereji miwili zilizobandikwa ukutani na kufunikwa kwa kifuniko cha mbao. Katika nchi kadhaa za Ulaya, kama vile Italia na Ujerumani, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kuvikwa kitambaa zilipitishwa juu ya ukuta kwa vishikizo vidogo vya kauri. Japani ilitumia vishikizo vya kauri juu ya boriti zinazoonekana, na katika baadhi ya nyumba za zamani za huko bado vinaonekana.

Usalama katika nyumba za leo

Kanuni za Marekani hazilazimishi kung'oa nyaya hizi zikiwa katika hali nzuri, ingawa hazikubali zitandazwe katika nyumba mpya za kawaida. Makampuni mengi ya bima hukataa nyumba yenye nyaya hizi au huitoza zaidi. Wakaguzi hutazama hasa mambo matatu.

Kwanza ni vifaa vya kuzuia joto. Tangu bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, wenye nyumba wengi walijaza nyuzi za kioo au selulosi katika kuta na dari ili nyumba isipoteze joto wakati wa baridi. Vifaa hivyo huufunika waya na kuondoa hewa iliyokuwa ikiupoza. Kanuni za umeme hukataza nyaya hizi katika uwazi uliojazwa namna hiyo.

Pili ni matawi ya baadaye. Nyumba iliyowekewa taa chache na soketi mbili tatu iliongezewa jokofu, pasi na vipasha joto. Mara nyingi walioongeza hawakuwa mafundi. Walisokota waya mpya juu ya waya wa zamani bila lehemu, wakaufunga kwa tepu, na kuziba ukuta.

Tatu ni fyuzi kubwa kupita kiasi. Fyuzi za zamani za kuzungusha zilikuwa na ukubwa mmoja wa tako, hivyo ya ampea 30 iliingia mahali pa ile ya ampea 15. Wengine waliweka sarafu nyuma ya fyuzi iliyoungua. Waya uliochaguliwa kwa ampea 15 ukipitishiwa mara mbili ya hapo hupata joto mara nne, na mpira wake huungua polepole bila mtu kujua.

Makosa haya matatu yanafanana kwa jambo moja: kila moja huondoa kinga ambayo fundi wa kwanza aliiweka makusudi, iwe ni hewa, kiungo kilicholehemiwa au fyuzi iliyolingana na waya. Anayekuta nyaya za aina hii katika nyumba hashauriwi kuzigusa wala kuzikunja. Huzimwa kwenye swichi kuu, hupimwa kwenye nyaya zote mbili, kisha hukaguliwa na fundi umeme aliyezoea mifumo ya zamani kabla ya kuamua zibaki au zibadilishwe.